Bushi la Kinu cha Nakijwa

Hapo zamani, si zamani sana, kule milimani Upare, alikuwapo mjane aitwaye Nakijwa. Aliishi peke yake kando ya mto, kwenye kinu cha kusagia mahindi alichokijenga marehemu mumewe. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha shafti, ule mhimili wa chuma, shafti ikazungusha jiwe. Watu walikuja, wakasaga, wakapiga soga, wakaondoka. Nakijwa hakujaaliwa mtoto. Kelele za kinu ndizo zilizokuwa watu wa nyumbani kwake.

Siku moja shafti ikayumba, ikapiga ukelele, ikasimama. Bushi lake, lile bomba fupi ambalo shafti huzunguka ndani yake, lilikuwa limelika likaisha. Jingine kama lile halikupatikana hata mjini. Watu wakahamia kinu cha ng'ambo ya mto. Nakijwa akawa anajisemesha mwenyewe, kisha akaacha hata hilo.

Jumapili moja, baada ya ibada, akasimama mbele ya watu. "Atakayenirudishia kinu changu, chumba kilicho wazi kwangu ni chake. Atakuwa ndugu yangu. Tutakula pamoja mpaka uzee."

Akaja Mrutu, msubu wa sufuria, yaani fundi wa kuyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu, mgane ambaye wanawe walikwenda mbali wasirudi. "Shemeji, nitakusubia bushi la alumini." Akayeyusha sufuria zake zote. Bushi likang'aa, lakini alumini ile ilikuwa laini mno. Kinu kilifunguliwa asubuhi. Mchana bushi likapata moto, likaing'ang'ania shafti na kuichubua.

Mrutu akarudi na pistoni za lori bovu. "Alumini hii ni ngumu, haitalika upesi. Ila inataka kitu laini ndani yake cha kuitelezesha. Inataka madini ya bati na ya risasi."

Madini hayo yalikuwa ndani ya lehemu ya Senzota, fundi redio, ile aliyounganishia nyaya. Senzota hakuwa na mke wala rafiki. Redio za watu ndizo zilizomsemesha. Akaitoa lehemu yote, wala hakuwa na fedha ya kununua nyingine. Tangu siku ile redio zikalala bubu mezani pake. Mrutu akaiyeyusha pamoja na pistoni, na moto ukamla mkono wa kulia, vidole visikunjuke tena.

Bushi jipya likatiwa, nalo likaanza kupata moto, kwa kuwa shafti ilikuwa na makwaruzo. Ndipo akaja Namkunda, mwanamke aliyeachwa na mumewe. Hakuna aliyemwita. Akaisugua shafti kwa msasa mpaka ikawa nyororo. Kisha akakaa chini ya kinu, kwenye baridi na unyevu, akidondosha mafuta, tone baada ya tone, mwezi mzima, mpaka bushi na shafti vikazoeana. Kinu kikasaga wala hakikulia tena. Namkunda akatoka na kikohozi kisichopona.

Nakijwa akapika, akawaita wote watatu.

Mrutu akasema, "Shemeji, bila mimi pasingekuwa na bushi. Sina sufuria, sina mkono. Nani atanipikia?"

Senzota akasema, "Bushi la Mrutu la kwanza ndilo lililoharibu shafti. La pili limesimama kwa lehemu yangu. Nilichotoa si lehemu tu, shemeji. Nilitoa sauti pekee iliyokuwa nyumbani kwangu."

Nakijwa akamgeukia Namkunda. Akamwuliza, "Na wewe, mdogo wangu?"

"Mimi sikuja kwa ajili ya chumba, dada. Nilikuja kwa sababu kwangu kumenyamaza mno. Lakini ukinipa, sitakataa."

Chumba kilikuwa kimoja, chembamba, na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Nakijwa akawatazama. Alijua kwamba yeyote atakayemkataa, atamrudisha kwenye kimya kile alichokijua yeye. Akasimama mlangoni, ufunguo mkononi, chakula kikipoa.

Haya, ninyi mliosikia: kama ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?