Jina la Namba Tisa

Ndugu zangu, kabla sijawapa baraka ya mwisho mwende mkale, nipeni dakika chache niwaeleze habari za mwalimu mmoja wa michezo. Msimtafute wilayani kwetu, hamtampata. Nimemtunga mwenyewe jana nikipiga pasi kanzu hii. Mkiona anafanana na mtu mnayemjua, hilo msinilaumu mimi.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa kanuni. Ukichelewa mazoezini dakika mbili, unazunguka uwanja mara kumi. Ukija na soksi zisizofanana, unarudi bwenini. Na timu yake ilikuwa nzuri kweli, tena mno, ila ilikuwa na mkosi mmoja: miaka mitatu mfululizo ilifika nusu fainali ya shule za sekondari za wilaya, ikaishia hapo hapo. Walimu wenzake wakambatiza jina, wakamwita Bwana Nusu. "Bwana Nusu, chai hii nikujazie kikombe kizima au nusu?" Alicheka nao. Lakini ilimuuma, jamani, ilimuuma hasa.

Mwaka wa nne akafika tena nusu fainali. Safari hii alipangiwa shule ya kata ya ng'ambo ya mto, vijana ambao hata jezi zao zilikuwa za rangi mbili. Mpira ukapigwa, bila kwa bila, mpaka dakika ya themanini na nane. Hapo namba tisa wa timu ile, kijana mrefu mwembamba, akaruka juu ya mabeki wote, akapiga kichwa, goli! Filimbi ikalia. Bwana Nusu akabaki ameinama, mikono kichwani.

Mtu mmoja wa ng'ambo akamsogelea, mmoja wa wale watu wasiokosa habari ya nyumba yoyote. Akamwambia, "Mwalimu, unahuzunika bure. Yule namba tisa ni mamluki. Kwenye fomu anaitwa Gaudensi, lakini sisi kijijini tunamjua ni Leonsi. Anacheza kwa jina la mtu."

"Una hakika?"

"Mwulize yeyote kwetu. Hata mama yake akimwita uani hamwiti Gaudensi."

Sasa nawauliza, ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Si ungemwita kijana pembeni, ukamwuliza, mwanangu, hili jambo likoje? Mwalimu wetu hakumwita mtu. Alikimbilia kalamu. Akakata rufaa kwenye kamati ya michezo. Kamati ikasema fomu ina picha na muhuri wa mkuu wa shule, goli linabaki. Basi akaenda mahakamani, na hakimu akasimamisha fainali mpaka shauri lisikilizwe.

Mkuu wake wa shule alijaribu kumshika mkono. "Mwalimu, yule mtoto yuko kidato cha nne. Mwezi wa kumi na moja ana mtihani wa taifa. Jambo hili ukilifikisha mbele ya hakimu, haliwezi kuishia kwenye mpira."

"Kanuni ni kanuni, mkuu," alijibu. "Mdanganyifu ni mdanganyifu tu, avae jezi au avae sare."

Ah, tunavyozipenda kanuni, sisi! Tunazipenda sana zikiwa zinampiga mwingine.

Siku ya shauri ikafika. Chumba kimejaa, mama wa yule kijana amekaa benchi la nyuma na kanga yake ya msiba, kwa maana nguo nyingine ya heshima hakuwa nayo. Hakimu akamwuliza kijana, "Jina lako ni Gaudensi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ndilo ulilozaliwa nalo?"

Kijana akageuka akamtazama mama yake, kisha akasema, "Hapana, mheshimiwa. Mama alinipa jina la Leonsi." Na akaeleza yote, taratibu, wala hakujitetea. Mwaka wa darasa la saba baba yake aliugua, na yeye ndiye aliyekuwa akimwuguza. Baba akafa, mtihani nao akafeli. Kurudia darasa hairuhusiwi. Akawa anashinda shambani anachuma kahawa. "Mwalimu wangu wa darasa la saba akaja nyumbani. Akamwambia mama, yupo mtoto ameacha shule, lakini jina lake bado liko kwenye daftari. Huyu wako aje akae kwenye dawati lile, aitike jina lile, afanye mtihani. Nikaenda, nikafaulu. Tangu siku hiyo shuleni naitwa Gaudensi."

Hapo, ndugu zangu, mwalimu wetu aliinua kichwa.

Kwa sababu kabla ya kuhamia sekondari, kabla ya filimbi na soksi, alifundisha shule ya msingi, huko huko ng'ambo ya mto. Alikuwa kijana mwenye huruma. Watoto wanne aliwafanyia hivyo mwaka ule, na baadaye akahama, akasahau hata sura zao. Sasa akamtazama yule namba tisa, akaliona kovu kwenye nyusi. Akakumbuka nyumba yenye msiba. Akakumbuka mama mjane akimletea mkungu wa ndizi, naye akiukataa: "Peleka ndani, mama, watoto wale." Ile ilikuwa siku njema kuliko zote katika ualimu wake, na alikuwa ameisahau kabisa.

Hakimu akauliza, "Mwalimu huyo ni nani?"

Kijana alikuwa amekwisha kumtambua zamani, tangu pale uwanjani. Macho yao yakakutana. "Mheshimiwa, naomba nisimtaje. Alinionea huruma. Sitaki apate shida kwa ajili yangu."

Hakimu akavua miwani. Alikuwa mtu mzima, ana watoto. Akasema, "Mtoto wa miaka kumi na mitatu hajiandikishi shule mwenyewe. Kama humu ndani yupo mtu mzima aliyelifanya jambo hili, asimame aseme, ili lisiwe mzigo wa mtoto, na nitaandika hivyo. Kama hayupo, sina budi kumhesabu huyu ndiye mdanganyifu." Akageuka. "Mlalamikaji, una la kuongeza?"

Mwalimu akasimama. Aliiona kazi yake ikiota mbawa. Aliona fainali ya Jumamosi. Alisikia wenzake, Bwana Nusu, Bwana Nusu. Akajiambia moyoni, nitasema baadaye, nitamwona hakimu faragha. Akakohoa.

"Sina, mheshimiwa."

Maneno mawili tu! Hakimu akaandika. Goli likafutwa, ushindi ukahamia kwa mwalimu, na jalada la kijana likapelekwa kwa afisa elimu. Wiki ile ile akaondolewa shule, na jina likafutwa kwenye orodha ya mtihani.

Jumamosi timu ya mwalimu ikashinda fainali mabao matatu. Kombe likapandishwa kabatini ofisini, na hakuna aliyemwita tena Bwana Nusu. Mngedhani atalala usingizi mtamu. Kila akimimina chai analiona lile kombe, na kila akiliona anasikia, "Sitaki apate shida kwa ajili yangu." Akavumilia wiki tatu. Ya nne akavuka mto.

Alimkuta kijana anafyatua matofali nyuma ya nyumba, udongo mpaka viwikoni. Kijana akanyooka. "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu akairuka marahaba. Akasema, "Mwanangu, kwa nini hukunitaja?"

"Nilidhani utajitaja mwenyewe, mwalimu."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Mwalimu angefurahi kama angetukanwa. Alitaka kupiga magoti, udongo ukamtia aibu. Kijana akajipangusa mikono kwenye kaptula, akauliza kama mwanafunzi anavyouliza darasani:

"Mwalimu, naomba unisaidie jambo moja. Leonsi ameandikwa amefeli darasa la saba. Gaudensi amefukuzwa kidato cha nne. Sasa nikienda kuomba kazi, nijiite nani?"

 Mama wa kijana akatoka ndani, akamtazama mwalimu, akarudi. Kisha akatoka tena na ndizi, akaziweka kwenye mfuko wa mgeni, maana desturi ya nyumba ile ni kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Safari hii mwalimu hakuweza kuzikataa. Alivuka mto analia, mtu mzima, na ndizi begani.

Ndugu zangu, mnanitazama kana kwamba namsema mtu wa mbali. Niambieni, nani kati yetu hakubebwa na mtu? Nani hakuingizwa kwenye dawati lisilo lake kwa huruma ya mwingine, na ya Mungu juu ya zote? Na kosa la mwalimu lilikuwa wapi? Mimi sisemi udanganyifu ni mwema. Kusaidia alisaidia vibaya, na hilo lilikuwa na njia ya kusemwa. Lakini sisi tukifanya jambo kwa kujificha tunaliita huruma, na mtoto akikamatwa nalo tunaliita udanganyifu. Tunashitaki kwa sauti kubwa, kisha tukiulizwa kama tuna la kuongeza, tunakohoa. Mama mkwe unayemsema mkamwana wako, je, hukumfundisha wewe? Baba unayemfukuza kijana nyumbani, alijifunza kwa nani?

Mnataka kujua kama mwalimu alirudi kwa hakimu? Najua mnataka. Sijui. Nilipofika hapo pasi ilikuwa imepoa na kanzu imekwisha nyooka. Mwalimu yule nimemtunga, sina shida naye.

Wewe hukutungwa. Yupo mtu anayebeba mzigo wako, na mpaka leo hajakutaja. Kesho ni Jumatatu, na ofisi zinafunguliwa saa moja na nusu.