Kelele za Uwanja Mtupu

Ukiwa miongoni mwa wale wanaojua matokeo ya Jumamosi tangu Ijumaa, hadithi hii ni yako. Nimeipokea kwa mtu aliyeipokea kwa mwingine. Isome polepole, kisha umpelekee yule rafiki yako ambaye hakuna jambo linalotokea bila yeye kusema, "Nilijua tu."

Palikuwa na shule ya sekondari iliyoitwa Mahanzo, juu kwenye nyanda za baridi, mahali ambapo ukungu hupanda jioni kutoka bondeni na kufuta nyumba moja baada ya nyingine. Mwalimu wa michezo wa shule hiyo aliitwa Mlelwa. Alikuwa mtu mwema, mkali kidogo, na aliupenda uwanja wake wa mpira kuliko wengine wanavyopenda shamba la urithi.

Uwanja huo aliuchonga kwenye mteremko, yeye na wanafunzi wake, kwa majembe na machepe, likizo baada ya likizo. Milingoti ya magoli ilikuwa ya msonobari. Mwaka huo bodi ya shule ikakaa na kuamua kwamba timu ikilikosa tena kombe la wilaya, uwanja utalimwa viazi.

"Wanafunzi wanakula viazi," alisema mwenyekiti wa bodi. "Hawali mpira."

Tangu siku hiyo Mwalimu Mlelwa hakulala vizuri.

Jioni ya mkesha wa mechi ya kwanza, alikuwa akikusanya bendera za kona pamoja na nahodha wake, kijana wa kidato cha nne aitwaye Yoramu. Ukungu ulikuwa umeshalifunika goli la upande wa bonde. Mara wakasikia kelele zikitoka humo humo ndani ya ukungu. Zilikuwa kelele za watu wengi wanaoshangilia goli. Zilipanda, zikakatika ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Zikapanda mara ya pili, zikakatika tena. Kisha kimya.

Walikwenda kutazama. Hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa na umande, na hakuna aliyezikanyaga.

"Umezisikia ndoo?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

Hapa inabidi nikueleze. Wanafunzi wa Mahanzo walishangilia kwa kupiga ndoo za plastiki, na wilaya nzima hapakuwa na shule nyingine yenye mtindo huo.

"Nimesikia kelele, Mwalimu," Yoramu alijibu. "Mwili wote umenisisimka."

"Zilikuwa ndoo zetu. Mara mbili. Kesho tunashinda mbili."

Kesho yake wakashinda mbili kwa bila.

Mkesha wa mechi ya pili zilisikika kelele mara moja tu, na Mwalimu akasema safari hii hazikuwa za ndoo. Asubuhi aliwaambia vijana wake wajiandae kupoteza kwa goli moja. Waliingia uwanjani miguu imeshafungwa, wakapoteza kwa goli moja. Mechi ya tatu akasikia ndoo, akawaambia, wakakimbia siku hiyo hata wale wavivu, wakashinda na kuingia fainali.

Baada ya hapo usingemwambia kitu. Aliacha hata mazoezi ya jioni. Kila jioni alivaa koti lake zito, akakaa kwenye ukingo wa uwanja, akausubiri ukungu. Walimu wenzake walimtania.

"Mpira unadunda, Mwalimu."

"Unadunda kwenu ninyi msiosikia," aliwajibu.

Fainali ilikuwa ichezwe palepale Mahanzo, dhidi ya Kidunyi, shule ya ng'ambo ya bonde. Hao walishangilia kwa filimbi, shule nzima, na waliokwisha kucheza nao walisema filimbi hizo hubaki masikioni wiki nzima.

Siku ya mkesha ukungu uliwahi kupanda. Mbwa wa kijijini walinyamaza. Mwalimu alikaa ukingoni na Yoramu pembeni yake. Kisha kelele zikaja, kubwa kuliko siku zote. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu walisikia kitu kikigonga mlingoti, na mlingoti ukalia peke yake ndani ya ule weupe.

Mwalimu alisubiri ndoo. Hazikusikika.

"Filimbi," alisema. Jasho lilimtoka katika baridi ile. "Filimbi tupu. Tatu kwa bila."

"Mimi nasikia watu tu, Mwalimu. Sijui ni wa nani."

"Masikio yako bado machanga."

Usiku kucha Mwalimu aliwaza. Kikosi chake bora kikifungwa tatu mbele ya bodi, hatakuwa na la kusema. Lakini akiwapanga wale wa akiba, ataiambia bodi kwamba vijana wake wakubwa waliugua homa, na ataomba mwaka mmoja tu zaidi. Aibu iwakute wasio na jina, na uwanja upone. Akajiambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," na akaridhika kwamba hiyo ni hekima. Msemo mzuri huo, lakini haukutungwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajacheza.

Asubuhi alisoma majina ya kikosi. Yoramu hakusikia lake. Alimfuata Mwalimu nyuma ya madarasa.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ninakulinda."

"Hii ndiyo mechi yangu ya mwisho hapa. Mwakani sipo."

"Siku moja utanishukuru."

"Nipange hata kama tunafungwa kumi, Mwalimu. Nakuomba."

Mwalimu Mlelwa alitazama pembeni. Ilimuuma kweli, siwezi kumsingizia. Lakini hakubadilisha.

Mechi ikaanza. Golikipa wa Kidunyi alikuwa na jezi inayomfika magotini. Mabeki wao kila walipopata mpira walimgeukia mwalimu wao, kama wageni wanaouliza njia. Mwalimu Mlelwa aliyaona yote hayo kwa macho yake na hakujiuliza chochote. Alikuwa akisubiri goli la kwanza kati ya yale matatu.

Halikuja. Mpira ulipotea huku, ukapotea kule, watazamaji wakaanza kuzungumza mambo ya mbolea. Kipindi cha pili kilipoanza bado ilikuwa bila kwa bila. Yoramu alisimama karibu na mstari, viatu amevifunga, akimtazama Mwalimu. Ingetosha Mwalimu kunyoosha mkono. Hakuunyoosha, kwa sababu masikioni mwake mechi ilikuwa imeshakwisha tangu jana.

Karibu na mwisho, mchezaji mmoja wa Kidunyi alipiga mpira bila hata kulitazama goli. Ukadunda kwenye kichuguu kidogo cha nyasi, ukampita golikipa wa Mahanzo, ukabingirika taratibu hadi ndani. Filimbi zikalia. Muda mfupi baadaye refa akamaliza mchezo. Moja kwa bila.

Mwenyekiti wa bodi alishuka uwanjani akiwa na kofia mkononi.

"Mwalimu, mbona nahodha hakucheza?"

Mwalimu Mlelwa alifungua kinywa aitaje ile homa. Yoramu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mzima, na machozi yanamtoka wala hayafuti. Mwalimu akaumeza uongo wake.

"Basi," alisema mwenyekiti. "Jumatatu majembe yanaingia."

Watu wakatawanyika. Wanafunzi wa Kidunyi walishuka bondeni na kombe lao, na sauti zao zikafifia kabisa. Ukungu ukaanza kupanda. Mwalimu Mlelwa alibaki katikati ya uwanja, na mtu mmoja akarudi kumpa mkono. Alikuwa Ngailo, mwalimu wa michezo wa Kidunyi. Hakuwa na uso wa mshindi hata kidogo.

"Mwalimu mwenzangu, naomba uniwie radhi," alisema Ngailo. "Sikukuheshimu. Nimekuletea wachezaji wa akiba."

"Wa akiba?"

"Wote kumi na mmoja. Wale wenyewe nimewaacha shuleni."

"Kwa nini ukafanya hivyo, siku ya fainali?"

Ngailo aliutazama ukungu. "Utanicheka. Uwanja wetu una mambo yake. Kila mkesha wa mechi zinasikika kelele, na hakuna mtu. Jana nimesikia tukifungwa tatu. Nikasema, niwafiche wakubwa wangu, nipate cha kumwambia mkuu wa shule."

Mwalimu Mlelwa hakucheka. Alimfikiria Yoramu, na viatu vilivyofungwa bure, na wale watoto wa jezi ndefu ambao kikosi chake kingewafunga hata kwa kutembea. Kombe lilikuwa lake. Liliwekwa mbele yake, naye akakataa kunyoosha mkono.

Alitaka kujibu. Lakini kabla hajasema neno, kelele zikapanda kutoka goli la upande wa bonde, ndani ya ukungu, na walimu wote wawili wakaganda. Zikakatika. Zikapanda tena, zikakatika. Zikapanda mara ya tatu.

Mwalimu Mlelwa alimshika mwenzake mkono kwa nguvu. "Filimbi zenu hizo," alinong'ona. "Wanafunzi wako bado wako kule?"

Ngailo alirudi nyuma, uso umemshuka.

"Filimbi zipi, Mwalimu?" alisema. "Mimi nasikia ndoo."

Funzo: Mwenye hofu husikia ushindi wa mwenzake kila mahali, wala hajui kwamba mwenzake naye anamwogopa. Mpira unadunda na kesho haina msemaji, hivyo ingia ucheze kwa nguvu zako zote. Anayejiandalia udhuru kabla ya mchezo amekwisha kujifunga goli mwenyewe.