Kuni za Mwinyi Shebe

Kila masika yalipokwisha, Mwinyi Shebe wa Ipole, muunda magobore, aliwaita maseremala wamletee kila mmoja kitako cha gobore kilichochongwa kwa mti wa mninga, ili achague fundi wake. Hakumchagua hata mmoja. Vitako vyote alivitukana, kisha akabaki navyo, eti kuni.

Mwaka mmoja wawindaji, wateja wake, walijaa uani kwake. Seremala Kasubi alifika na kitako kimoja.

"Wewe tena? Mwaka jana sikukufukuza?"

"Ulinifukuza, Mwinyi. Nimekuja kujifunza. Hiki kina kasoro gani?"

Mwinyi Shebe alikipachika begani, akacheka. "Shingo kama ya kuku! Kitamvunja mtu taya. Aliyekichonga ni kipofu, na atakayekinunua ni mjinga."

"Sema kwa sauti, Mwinyi, wa nyuma wasikie."

"Mjinga!" alinguruma.

Ntabo, mwindaji aliyejulikana kwa hasira zake, alisimama. Alikunjua mkeka wake, akatoa mtutu mtupu wa gobore, akaulaza juu ya kitako kile. Ukaingia barabara.

"Gobore hili uliniuzia wewe mwenyewe," alisema. "Jana Kasubi aliniomba nilifungue, nimpe kitako chake, kisha nije nisikie utakavyoniita."

Wawindaji wengine walianza kugeuzageuza magobore yao.

"Kitako hicho ndicho kuni zangu za mwaka jana," alisema Kasubi. "Sasa waambie wateja wako, Mwinyi. Mimi ni kipofu, au ni fundi wako?"

"Fundi wangu," alinong'ona Mwinyi Shebe.

"Sema kwa sauti, Mwinyi, wa nyuma wasikie."