Kanga na Jani la Pili

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo!

Basi yategeni.

Hapo zamani za kale ukame uliingia mbugani, likabaki bwawa moja tu. Kila mwaka wanyama walichagua walinzi wawili wa bwawa hilo. Nyati walikuwa kumi na sita, wanyama wadogo kumi. Kila mwaka nyati walichukua nafasi zote mbili. Wakanywa wao, wakaoga wao, wadogo wakaachiwa matope. Vifaranga wawili wa Kanga walikunywa matope hayo, wakafa.

Mwaka huo Nungunungu, mhesabu kura, akasema, "Safari hii tuhesabu kwa namna nyingine."

Nyati Mkubwa akacheka. "Sisi ni wengi. Hesabu utakavyo."

Nungunungu akampa kila mnyama mwiba mmoja. "Tungeni majani mawili kwenye mwiba. Jani la juu ni la umtakaye zaidi. Jani la chini yake ni la yule utakayemkubali wa pili; mwiba utamwendea huyo kama wa kwanza hauhitaji au ametoka. Mwenye miiba tisa ni mlinzi. Tupo ishirini na sita. Wawili wanaweza kupata tisa tisa, watatu hawawezi."

Walioomba ulinzi walikuwa wanne: Nyati Mkubwa, mdogo wake, Pimbi na Kanga. Kila mmoja alikuwa na jani la aina yake la kumtambulisha.

Sasa Fisi, mgeni asiye na kura, alikuwa ameahidiwa na nyati kivuli kando ya maji wakitwaa tena nafasi zote mbili. Akaenda kwa Kware, rafiki wa Kanga. "Tunga jani la Kanga peke yake. Ukiweka la Pimbi chini, litakula la rafiki yako." Kware akakubali.

Akaenda kwa Digidigi. Digidigi alipomwona tu, akatimua mbio.

Akaenda kwa Kanga mwenyewe. "Bi Kanga, si huyu Pimbi aliyeporomosha mawe juu ya mayai yako?"

"Ndiye."

"Na bado utamwekea jani?"

Mayai yale yalimuuma Kanga, kweli yalimuuma. Akawatazama vifaranga waliobaki, midomo imekauka.

"Fisi, nenda zako," akasema. Akatunga jani lake juu, la Pimbi chini.

Hesabu ikaanza. Nyati Mkubwa, kura kumi na sita. Pimbi, sita. Kanga, nne. Mdogo wake Nyati hakupata hata moja.

"Nyati Mkubwa ni mlinzi," akasema Nungunungu. "Anahitaji tisa tu. Saba za ziada ziende kwenye jani la pili."

Akabandua majani ya juu ya miiba saba. Chini yote yalikuwa ya mdogo wake Nyati. Saba! Nyati wakapiga kwato chini. "Tumeshinda tena!"

"Bado. Hajafika tisa. Mwenye chache kuliko wote ni Kanga. Kanga ametoka."

Kanga akainamisha kichwa. Kutajwa vile mbele ya wote kulimchoma.

Nungunungu akachukua miiba minne ya Kanga, akabandua jani la juu. Wa kwanza: Pimbi. Wa pili: Pimbi. Wa tatu akaugeuza, haukuwa na kitu.

"Huo wangu!" akasema Kware. "Unahesabiwa wapi?"

"Hakuna pa kuupeleka," akasema Nungunungu, akauweka kando. Kware akaona haya.

Wakabana pumzi. Wa nne: Pimbi.

"Sita na tatu, tisa. Pimbi ni mlinzi!"

Nyati wakanguruma, lakini hesabu waliikubali wenyewe. Fisi akaondoka na jua lake kichwani. Tangu siku ile Nyati alilinda asubuhi, Pimbi jioni, na jioni wadogo walikunywa maji safi.

Pimbi akamfuata Kanga. "Dada, yale mayai…"

"Sijasahau," akasema Kanga. "Sogea, wanangu wanywe."

Ngano hii yatufunza kwamba asiyepata chaguo lake la kwanza bado ana la kusema, na anayekataa kila mtu ila wake hujinyamazisha mwenyewe.

Hapo ndipo ilipokoma. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni.