Komeo la Lango la Durari

Asubuhi ya mwezi nne Rajabu, katika mwaka wa kumi na mbili wa enzi ya Sultani Ghalibu bin Jabali, komeo la lango la mji wa Durari lilikatika, na jeshi la adui lilikuwa limepiga kambi bondeni. Walinzi wakaziba lango kwa mawe. Sultani akaamuru fundi aliyefua komeo hilo, Mzee Kheri, atiwe gerezani, na Ijumaa akatwe kichwa, ila apatikane mtu wa kufua komeo lisilokatika.

Kheri alikuwa na mtoto mmoja, Bishara, aliyejifunza uhunzi kwake. Bishara akaingia karakanani, akavuta mvukuto wa babu yake kwa uchungu hata ngozi ikapasuka, na ndani yake akatoka jini aliyeinama ili asigonge paa.

"Mimi Kashkashi," akasema. "Babu yako alinifunga humu, na anitoaye ndiye bwana wangu. Nena haja yako, ewe binti wa masizi."

"Nataka chuma kisichokatika."

"Nami nilidhani utaomba kasri! Haya, yeyusha."

Bishara akayeyusha chuma pamoja na madini mawili aliyoletewa na jini, na jini akazungusha gurudumu la shaba, baridi kama barafu, kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Bishara akamimina juu yake uzi wa chuma cha moto, na kabla hajapepesa macho uzi ukaganda na kuruka hewani, utepe mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Chuma chenu hupoa polepole," akasema jini, "na chembe zake hujipanga safu, na ufa hupita baina ya safu. Hiki nimekigandisha kabla hakijawahi kujipanga."

Jini akabana tepe elfu kwa viganja vyake, zikawa komeo. Jumatano mawe yakaondolewa, komeo likatiwa langoni, na tembo wa Sultani akasukuma lango. Komeo likapinda, likarudi. Akasukuma tena, likarudi. Mara ya tatu likavunjika kama bilauri, bila ufa wa kuonya.

"Binti Kheri," Waziri akauliza, "hili ni komeo au kikombe cha sharubati?"

Watu wakacheka, na Kheri akasikia kicheko hicho gerezani.

Bishara akarudi karakanani, akagonga kwa nyundo mabaki ya tepe. Kipande kilichoangukia makaa kikasagika kama mkate mkavu. Kilichokuwa mbali na moto kikavunjika kama kioo. Kilicholala kwenye majivu ya moto kikapinda, kikarudi, na nyundo ikamruka mkononi. Akakigonga mara hamsini.

"Kashkashi, wewe waona ndani ya vitu. Tazama hiki."

Jini akatazama kwa muda mrefu, kisha akapiga magoti.

"Naona chembe zilizojipanga, ndogo hata elfu zikifuatana hazifiki upana wa unywele, na kati yake chuma kilicholala ovyo. Ufa ukianza, chembe zinauzuia. Subhanallah! Miaka mia tisa najua moto na najua baridi. Hili la katikati sikulijua."

"Hujawahi kupalia wali kwa makaa, ndiyo maana," akasema Bishara.

Alhamisi wakatengeneza komeo jipya. Bishara akalizika katika majivu, akapalia makaa juu, na kando yake akateleka chungu cha wali. Na wali ulipokauka vizuri, akalitoa.

Ijumaa asubuhi tembo akasukuma lango mara thelathini. Mara ya thelathini na moja akaketi chini, akakataa.

Sultani akashuka, akaweka kiganja juu ya komeo.

"Binti," akasema, "nilitafuta nguvu, nawe umeniletea kadiri, na kadiri ndiyo iliyosimama. Mwanangu Nasibu hana mke. Wamkubali?"

"Namkubali, Seyyidi, na karakana siiachi. Lakini binti haozwi bila walii, na walii wangu, baba yangu, yuko chini ya upanga wako."

Kheri alitoka gerezani kabla ya adhana ya Ijumaa. Jeshi la adui lilipiga lango kwa gogo Jumamosi mara mbili, na Jumapili likavunja kambi. Ndoa ilifungwa mwezi kumi na tano Shaabani, na Kheri ndiye aliyeozesha.