Programu Iliyowekwa kwa Mkono

Kina mama na dada zangu, tuseme kuna binti mmoja. Tumpe jina la Shemsa ili tusipotezane njiani, na tumweke Kondoa, nyumbani kwa baba yake. Baba huyo ni shehe. Alidarsisha watu miaka kumi na sita, kisha akapata kiharusi na ulimi wake ukafungika. Tangu siku hiyo hajatamka neno. Lakini darsa zake zilikuwa zimerekodiwa, mia nne na kumi na mbili, na kila siku baada ya adhuhuri mzee hugonga mkono wa kiti kwa vidole vyake vizima, naye binti humwekea darsa moja. Anajisikiliza. Siku nyingine anatabasamu, siku nyingine anatikisa kichwa kama mtu asiyekubaliana na mwalimu.

Darsa hizo zilikaa ndani ya kompyuta tatu ndogo, zimeunganishwa kwa nyaya juu ya rafu ya stoo. Zinasaidiana kazi: hii ikilemewa, ile inapokea. Aliyezipanga ni dada yake mkubwa, Zulfa, aliyesomea mambo hayo, kabla hajahamia Shinyanga. Shemsa alisomea hesabu. Yeye alibaki kuzitunza.

Asubuhi moja akaamua kuzisasisha, maana programu zake zilikuwa zimechakaa. Kuna amri moja ya jumla. Ukiiandika, kompyuta inapita kwenye orodha yake yenyewe, inatoa programu za zamani na kuweka mpya. Shemsa aliiandika kwenye kompyuta zote tatu kwa mpigo. Zilipomaliza zikamjibu: programu zote ni mpya, hakuna kilichobaki.

Adhuhuri ikapita. Mzee akagonga kiti. Sauti haikutoka.

Shemsa akadhani ni spika. Akachomoa, akachomeka. Akadhani ni waya. Akahesabu rekodi: mia nne na kumi na mbili, hakuna iliyopungua. Basi kwa nini hazifunguki? Akarudia ile amri, akajibiwa vilevile, programu zote ni mpya. Akarudia mara ya tatu, akisoma kila mstari kwa kidole kama mtoto wa madrasa. Zote. Neno liko wazi. Sasa kama zote ni mpya, kilichokufa ni nini? Akatoa daftari, akaandika alichofanya, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomtisha. Angeona kosa angetulia.

Sebuleni vidole viligonga tena. Akatoka, akamwambia mzee asubiri kidogo. Mzee alimtazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyeambiwa ashike kitu kidogo tu, akakiangusha.

Ilibaki namba moja ya kupiga, na mnajua ni ya nani. Lakini Shemsa na Zulfa hawakuwa wamesemezana miaka miwili. Baba alipolazwa, Zulfa alichelewa kufika, na Shemsa, kwa uchovu na hasira, alisema mbele ya shangazi yao na wake wawili wa wajomba kwamba Zulfa amemkimbia mzee asije akamuuguza. Alijua si kweli. Zulfa alikuwa mjamzito, daktari amemkataza safari. Basi binti akakaa na simu mkononi, anaandika namba, anafuta. Angeanzaje?

Mwishowe akapiga. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kavu. Akaeleza yote bila kupumua.

"Ile programu inayofungua darsa za Baba niliiweka kwa mkono," Zulfa akasema. "Haipo kwenye orodha ya kompyuta. Ile amri yako haijui hata kama ipo."

"Lakini imeniambia zote."

"Zote inazozijua. Imebadilisha vitu ambavyo programu yangu ilikuwa inavitegemea, halafu yenyewe ikaachwa na uzee wake. Na kompyuta moja hukuiacha? Zote tatu kwa pamoja?"

"Zote tatu."

"Msomi mzima," Zulfa akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ililegea kidogo.

Akamwelekeza polepole. Kwanza anakili rekodi zote mahali pengine, tena afungue nakala aone kama imekamilika. Aandike toleo lililopo. Asome maelezo ya toleo jipya mpaka mwisho, si juujuu. Aliweke jipya kando ya la zamani, asilifute la zamani, ili likigoma awe na pa kurudia. Afanye kompyuta moja tu, ajaribu darsa moja, na ikikubali ndipo aiendee ya pili, kisha ya tatu. Na kila alichokiweka kwa mkono akiandike daftarini, maana hakuna mwingine atakayemkumbusha.

Kabla ya alasiri, sauti ya mzee ikajaa sebule. Zulfa aliisikia kwenye simu, na wote wawili wakamsikiliza baba yao akieleza haki za jirani.

Shemsa akamshukuru. Kisha akasema, kwa woga, kwamba yale ya zamani anashukuru yalikwisha, kwani aliomba msamaha kabla ya Ramadhani.

"Uliniomba mimi?"

"Nilituma ujumbe."

"Niliuona. 'Kwa yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kutojua.' Uliutuma kwenye kundi la ukoo, watu mia na sabini." Zulfa akavuta pumzi. "Mimi ndiye yeyote, Shemsa?"

Binti akalitaja neno lenyewe. "Nilisema umemkimbia Baba. Nilijua huwezi kusafiri. Nilisema uongo, dada. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Zulfa akajibu. "Na shangazi umeshamwambia? Na wake wa wajomba?"

Ndugu zangu, sisi tunacheka programu ya kompyuta, na kila mwezi mtukufu ukikaribia tunafanya nini? Tunachukua ujumbe mzuri wenye maua, tunausukuma kwa watu mia mbili, tunalala tumetakasika. Tukijiuliza, tunajijibu: nimeomba wote. Kuna aliye kati yetu ambaye hajautuma?

Mola husamehe yaliyo baina yako na Yeye. Ya mwenzako yanapita kwa mwenzako. Lile neno ulilolipanda kwenye sikio la wifi yako, ulilipanda wewe, kwa jina, siku fulani, mbele ya watu unaowajua. Msamaha wa jumla haulifikii. Utakwenda kwa huyo, kisha kwa yule uliyemwambia, kisha kwa yule wa tatu, na kila mmoja utamtajia neno lenyewe kama lilivyokuwa.

Ni kazi ya aibu. Shemsa alimpigia shangazi siku ileile, na shangazi alimsema saa nzima.

Alasiri bado dakika ishirini. Uani kuna kivuli na mtandao unashika vizuri. Nani anatoka wa kwanza na simu yake?