Hasiba na Jini wa Kisima Kikavu

Wamehadithia watu wa kale kuwa mji wa Kandarani ulitawaliwa na Sultani Mudhafari bin Lukumani, na katika mji huo aliishi Hasiba, binti wa mtengeneza marashi, aliyeposwa na Dhamiri, mwana wa sultani. Thureya, dada yake Hasiba, akaingiwa na husuda, akatia sumu katika marashi ya sultani na kuapa kuwa ni kazi ya Hasiba. Na sultani, bila kuuliza shahidi wala kumsikiliza mshitakiwa, akaamuru Hasiba atupwe katika kisima kikavu cha jangwani.

Huko chini Hasiba aliokota pete ya shaba, na alipoipangusa vumbi akatokea jini mrefu kama mnara, akasema, "Bibi, mimi ni Shamhari, mtumishi wa mwenye pete. Niamuru."

Hasiba akamwamuru ampeleke barazani kwa sultani, na wakafika mara moja. Na kwa amri yake jini akamkamata shingoni Thureya, aliyekuwapo hapo, akamning'iniza juu ya vichwa vya mawaziri, akingoja neno moja tu la Hasiba ili amuue.

Kadhi akainuka, akasema, "Binti yangu, samehe. Nabii Yusufu alitupwa kisimani na nduguze, naye akawasamehe."

Hasiba akamgeukia kwa ghadhabu. "Ewe kadhi, siku niliyoburutwa ulikuwa umeketi hapo hapo, na kisa hicho hukukikumbuka. Yusufu alitolewa kisimani akakabidhiwa ghala za Misri. Mimi mmenipa nini hata mnitake nisamehe?"

Ndipo Dhamiri akasogea mbele, nguo zimeraruka, sauti imemkauka kwa kuliita jina la Hasiba katika kila kisima cha jangwa.

"Hasiba, sikulazimishi kumhurumia," akasema. "Lakini masufi hukisoma kisa kile kwa undani, na kusema kuwa kisima ni moyo wenye chuki, na kamba ni mapenzi. Kamba nimeiteremsha, mpenzi wangu, nawe mikono yako yote miwili imemkaba Thureya. Utaishikaje?"

Hasiba akaitazama miguu ya Dhamiri iliyochubuka, akalia, na chuki iliyomkaa kifuani ikayeyuka. "Shamhari, mteremshe," akasema, kisha akamwambia dada yake, "Sisemi kuwa hukukosa. Nasema sitakubeba tena moyoni."

Kisha akafuta machozi, akamkabili sultani. "Nawe maulana, usidhani kilio changu kimekuosha. Ulinizika hai kwa neno la mtu mmoja."

Sultani akateremka kitini kwa haya, akatangaza mbele ya watu wote kuwa yeye ndiye aliyedhulumu, akamvua kadhi kilemba cha ukadhi, na akaapa kuwa hatahukumiwa mtu tena asiyesikilizwa. Thureya akakiri sokoni kwa kinywa chake. Na Hasiba akaolewa na Dhamiri, wakajaaliwa mali na watoto, na marashi yake yakanukia hadi nchi za mbali.

Basi aliyesikia na ajue: msamaha ni wa aliyedhulumiwa kuutoa, si wa mdhalimu kuudai, wala hautoki ila katika moyo uliofikiwa na mapenzi.